Wadau wa jografia: kama sakafu ya bahari inapasuka, mbona maji hayazami?

FundiBaridi
Habarini za usiku wadau, naomba msaada maana nimeumbuka mbele ya mwanangu. Binti yangu yuko form three, juzi umeme ulikatika tukakaa kibarazani yeye anasoma jografia kwa tochi ya simu mimi napunga upepo na kipande cha boksi, akafika pale wanaposema mabamba ya dunia yanaachana chini ya bahari na sakafu inapasuka inapanuka. Akafunga daftari akaniambia baba, sasa kama chini pamepasuka si maji yangezama humo bahari ikaisha kama beseni lililotoboka? Nikamwambia ufa wenyewe mdogo. Akauliza mdogo kiasi gani. Nikamwambia kalale kesho shule.

Leo kaja tena na kaongeza la pili, kama bahari inapanuka kila mwaka basi na dunia inanenepa? Jamani mimi ni fundi wa mafriji na AC, jografia nilipata D na hiyo D nilisaidiwa. Mwenye kujua anieleze kwa lugha ya mtaani nikamweleze mtoto, na kama huo ufa uko karibu na sisi pia nijue maana sisi tunakaa Kigamboni.

Chapa_Ilale
Mwambie bahari ipo tangu enzi za babu yake na haijaisha, alale.

MaweNaMajabali
@Chapa_Ilale acha hizo, huyo mtoto kauliza swali la maana kuliko wengi niliosoma nao, na kwenye hilo la beseni nusu yake yuko sahihi, ntafika huko. Mimi nimesoma jiolojia na nimewahi kufanya kazi kwenye meli ya kupima mawe ya chini ya bahari hapa hapa pwani yetu, ngoja nijaribu.

Mkuu FundiBaridi tatizo linaanzia kwenye hilo neno kupasuka. Ukilisikia unawaza ukuta wa nyumba umepasuka, ufa uko wazi unapitisha mwanga. Kule chini ufa haupati nafasi ya kukaa wazi. Mabamba mawili, yaani yale mapande makubwa ya ganda la dunia, yanavyovutana kuachana, mwamba wa moto ulio chini yake unapanda kuja kuziba, na hapa ndio nakuhitaji wewe mwenyewe maana kazi yako inaeleza vizuri kuliko vitabu. Kwenye friji gesi inatoka kwenye kondensa (zile bomba za nyuma zinazotoa joto) ikiwa maji maji, ina presha kubwa, inapita kwenye kapilari, kile kibomba chembamba, ikitokea upande wa pili presha imeshuka ghafla inaanza kuchemka, si ndio? Hujaiwekea moto. Umeipunguzia presha tu. Basi mwamba wa chini nao ni hivo hivo, ukiwa kilomita nyingi chini una joto la kutisha, zaidi ya nyuzi 1,200, lakini umebanwa na uzito wa kila kitu kilicho juu yake kwa hiyo unabaki mgumu. Mabamba yakiachana unapanda, mgandamizo unapungua, sehemu yake inayeyuka bila kuongezewa joto hata kidogo. Hiyo ndio magma, inapanda kwenye ule ufa, inakutana na maji ya bahari ambayo huko chini ni ya baridi kama ya friji lako, nyuzi 2 hivi, inaganda papo hapo. Ufa umezibwa, na kilichouziba ndio sakafu mpya. Kisha mabamba yanavuta tena, panapasuka tena, panazibwa tena. Mamilioni ya miaka hivo hivo.

Sasa pembeni ya huo ufa kuna nyufa nyingine ambazo shuleni wanazirukaga. Ganda likivutwa linakuwa jembamba halafu linakatika mapande kwa mshazari. Umeshawahi kupanda daladala mmebanana watano siti ya nyuma, wa pembeni wakisogea kidogo tu yule wa katikati anadidimia katikati yao? Ndicho kinachotokea, pande la katikati linashuka, ya pembeni yanabaki yamesimama kama kuta, unapata bonde refu juu ya safu ya milima iliyo chini ya maji. Kwenye sehemu zinazoachana polepole kama katikati ya Atlantiki hilo bonde linaweza kufika kina cha kilomita moja mpaka tatu. Kwenye Pasifiki ya mashariki kuna sehemu zinaachana zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, magma ni ya kumwaga, bonde halipati muda wa kutengenezeka, juu panakuwa kama tuta tu. Na kila pande likiteleza kwenye ufa wake ndio tetemeko, mengi madogo na hayako chini sana, ndio maana hatuyasikii huku.

Dunia kunenepa, hapana. Kinachozalishwa huko kinamezwa kwingine, bamba la bahari likizeeka linapoa linakuwa zito linazama chini ya lingine, mfano Japani au Sumatra. Ndio maana sakafu ya bahari ni changa sana, Atlantiki nzima huwezi kupata kipande chenye zaidi ya miaka kama milioni 180 hivi wakati mawe ya huku Kanda ya Ziwa yana zaidi ya bilioni 2.5.

Ila beseni kweli linavuja, mwambie binti. Maji yanaingia kwenye zile nyufa, yanashuka, yanakaribia magma, yanapashwa mpaka nyuzi 350 na zaidi na hayageuki mvuke kwa sababu ya uzito wa bahari juu yake (presha tena fundi), halafu yanarudi juu kwa nguvu yamebeba shaba, zinki na salfa, yakigusa maji baridi yanatoka meusi kama moshi wa lori bovu. Chemchemi za maji ya vuguvugu chini ya bahari waliziona mara ya kwanza mwaka 1977 karibu na Galápagos, hizi za moshi mweusi mwaka 1979. Kwa hiyo yanavuja kweli ila yanarudi beseni lile lile.

mtata_wa_Mbagala
Stori tamu lakini hebu tuwe wakweli, nani ameshuka huko kilomita mbili tatu chini akaona bahari inapanuka? Hizi ni hadithi wanatunga halafu sisi tunakariri kwa ajili ya mtihani. Sentimita chache kwa mwaka unapimaje baharini na mawimbi yale, rula unaishikilia wapi??

MaweNaMajabali
Rula yenyewe ni sumaku mkuu, na sehemu kubwa ya ugunduzi wake ilitokana na vipimo vya huku huku kwenye bahari yetu.

Kuna safu ya milima chini ya bahari ya Hindi inaitwa Carlsberg, ndio, kama bia, maana ilipewa jina kwa heshima ya mfuko wa kampuni hiyo ya bia ya Denmark uliogharamia meli ya utafiti Dana iliyozunguka dunia mwaka 1928 mpaka 1930. Inaanzia mashariki ya mdomo wa Ghuba ya Aden inashuka kusini mashariki kuelekea usawa wa ikweta. Upande huu bamba tunaloegemea sisi wa pwani, upande ule bamba la India. Mwaka 1962 meli ya kijeshi ya Waingereza, HMS Owen, ilipita pale inakokota kifaa cha kupima sumaku. Wakakuta kitu cha ajabu, mawe ya chini yanaonyesha sumaku ya kawaida, ukisogea mbele kidogo inaonyesha kinyume, yaani kaskazini iko kusini, mbele tena kawaida, mistari mistari kama kikoi.

Maelezo yake ni hivi. Lava ya basalti, yaani magma iliyotoka nje ikaganda kuwa jiwe jeusi, ina chembechembe za chuma, ikipoa zinakariri kaskazini iko wapi siku ile na hazibadiliki tena. Na sumaku ya dunia yenyewe huwa inageuka kila baada ya muda mrefu, mara ya mwisho kugeuka moja kwa moja ni kama miaka 780,000 iliyopita. Sasa kama sakafu inatengenezwa katikati halafu inagawanyika nusu inaenda huku nusu kule, mistari lazima ifanane pande zote mbili kama kitambaa ulichokunja kikiwa na wino mbichi. Na ndivyo ilivyo. Fred Vine na Drummond Matthews wakaandika hilo mwaka 1963, na kuna Mkanada Lawrence Morley alikuwa na wazo lile lile mwaka ule ule majarida yakamkatalia makala yake, maskini. Ukijua mstari una umri gani na uko umbali gani kutoka katikati unagawanya tu, halafu unazidisha mara mbili maana pande zote mbili zinasogea, jibu la darasa la saba. Pale Carlsberg unapata sentimita mbili na kitu kwa mwaka. Yaani tangu Tanganyika ipate uhuru 1961 mpaka leo bahari pale imepanuka kama mita moja na nusu, urefu wa kanga moja.

Na kuona kwa macho wameona. Mwaka 1974 Wamarekani na Wafaransa walishuka na nyambizi ndogo kwenye bonde la katikati ya Atlantiki wakakuta nyufa na lava imelala kama mito ya kulalia.

Mama_Samani
Baba yake, mwambie na huyo binti kwamba aliyeligundua hilo bonde la katikati ya Atlantiki alikuwa mwanamke. Marie Tharp, miaka ya hamsini mwanzoni, Marekani. Wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti, kwa hiyo wanaume wanakwenda baharini wanarudi na namba za kina, yeye anakaa mezani anachora. Akaona kila akichora mlima kuna alama ya V juu kabisa, mahali pamoja, mchoro baada ya mchoro. Akamwambia mwenzake Bruce Heezen hapa dunia inapasuka, akamjibu hayo ni maneno ya wasichana!! Baadae kijana mwingine ofisini akawa anachora matetemeko ya baharini kwenye ramani ya kipimo kile kile, wakaweka moja juu ya nyingine kwenye meza yenye taa, matetemeko yote yamejipanga ndani ya V yake. Hapo ndio wakanyamaza. Mimi hii stori naipenda mpaka basi.

SalimMaskati
Assalaam alaykum. Mie napita tu, nshazowea kusoma bila kuandika, lakini huyo bwana wa Mbagala anataka kuona kwa jicho lake, basi aje huku kwetu Oman aione sakafu ya bahari bila ya kuroa.

Hapa milima mingi ya huku kaskazini, hii myeusi myeusi inayotisha, ni sakafu ya bahari ya zamani iliyopandishwa nchi kavu. Umri wake kiasi ya miaka milioni 95. Wanasema kawaida bamba la bahari huzama, hili likakwama likapanda juu ya ardhi ya Arabuni, ndo wataalamu dunia nzima wanakuja kuisoma hapa kwa sababu ni kubwa na iko wazi, hakuna miti, hakuna udongo, mawe matupu.

Nna rafiki anapeleka wageni, Ijumaa moja akanchukua mpaka Wadi Jizzi, bonde la mto mkavu, njia ya Sohar kwendea Buraimi. Kwenye ukingo wa wadi mumejaa vitu mviringo vimepandana kama magunia ya mchele yaliyotupwa yakiwa na maji, kila kimoja kimelalia mwenzake kikafinyika kwa chini. Ndo hiyo mito aloisema MaweNaMajabali, lava ilotoka chini ya maji. Unaweka mkono hivi. Ukingo wake wa nje ni mweusi umelainika kama kioo, ndani mna chembe chembe, kwa sababu nje imeganda mara moja ilipokutana na maji na ndani imepoa taratibu.

Lakini kilonishangaza zaidi mie kiko pahala pengine. Mlima mzima umesimama kwa mbao mbao za mawe, wima, moja ubavuni mwa nyingine, kila ubao upana wa hatua moja au mbili, mamia kwa mamia, na baina yao hamna kitu chengine. Yaani nyufa tupu zilizojazwa. Yule rafiki akanambia tazama kingo. Ubao uloingia kwenye mwamba wa baridi kawaida hupata ukingo wa kioo pande zote mbili, kulia na kushoto. Hapa mbao nyingi zina ukingo upande mmoja tu! Kwa nini? Kwa sababu ufa mpya ulikuja ukaupasua ule ubao katikati yake, nusu ikabaki huku, nusu ikachukuliwa kule ng'ambo. Nlikaa pale na chupa yangu ya kahawa nkawa nashika kingo moja moja kama mpumbavu.

Na ile shaba inayotoka na maji meusi, ndo shaba iliyochimbwa huku Sohar tangu zama za kale kabisa, watu wa Iraki walikuwa wakiinunua miaka zaidi ya elfu nne nyuma na nchi hii wakiiita Magan. Utajiri wote huo umetoka kwenye beseni lililovuja la huyo mtoto.

mtata_wa_Mbagala
Sheikh Salim hapo kwenye mbao nusu nusu umenimaliza. Nakubali. Ila la rula bado, hiyo sumaku inatoa wastani wa mamilioni ya miaka, je leo hii inaenda au ilishasimama?

MaweNaMajabali
Inaenda, na leo tunapima kwa GPS, unafunga kifaa kwenye mwamba upande huu na upande ule unasubiri miaka. Ila kuna jambo zuri hapa, sehemu za mbali za bamba zinakwenda taratibu bila kusimama lakini kwenye ufa wenyewe hakuna taratibu, pananata nanata miaka mingi halafu panaachia kwa mkupuo. Tuliliona hili nchi kavu pale Afar, Ethiopia, ambako ufa wa bahari ya Shamu na wa Ghuba ya Aden unakutana na Bonde letu la Ufa. Septemba 2005 ndani ya wiki chache ardhi ilifunguka kwa urefu wa kilomita 60 hivi na upana uliofika mita 8 sehemu nyingine, magma ikajaa humo chini na mwingi wake haukutoka hata juu. Mita nane! Pale panaachana sentimita moja na kitu tu kwa mwaka, piga hesabu palikuwa pamenata muda gani. Ni ubao mmoja wa Salim huo, mnene kweli kweli, umetengenezwa sisi tuko hai.

wa_Likoni
Nyinyi watu wa bara la Tz mwauliza ufa uko wapi, kwani mwaka wa 2020 hamkutikiswa? Mimi nilikuwa Dar kwa shemeji, ghorofa ya nne, Agosti hiyo, saa mbili usiku na kitu, twala ugali, maji kwa jagi yakaanza kucheza peke yake. Watoto wakaona raha. Mimi nikashuka ngazi na sahani mkononi wallahi. Hiyo ilikuwa nini sasa, ni hiyo Carlsberg?

FundiBaridi
Hiyo naikumbuka!! Hapa Kigamboni watu walitoka nje na mashuka wakisema tsunami inakuja. Mkuu MaweNaMajabali hebu tulia hapo utueleze.

MaweNaMajabali
Tarehe 12 Agosti 2020, ukubwa wa 6.0, baharini kusini mashariki ya Dar. Carlsberg iko mbali sana, hiyo ni ya kwetu wenyewe. Chini ya bahari hapa mbele ya Tanzania na Msumbiji kuna kovu la zamani linaitwa Davie. Zamani hizo Madagascar ilikuwa imebandikana na pwani ya Kenya na Somalia, ilipong'oka miaka kama milioni 160 iliyopita ikateleza kwenda kusini, na hapo Davie ndipo iliposuguana na Afrika ikipita. Sio kuachana, ni kupishana, kama mabasi mawili yanapishana kwenye daraja jembamba. Miaka kama milioni 120 iliyopita ikasimama ilipo.

Sasa Afrika ya leo inapasuka upya, bamba la Nubia upande wa magharibi na la Somalia upande wa mashariki, na mpasuko hauko kwenye mstari mmoja, tawi mojawapo linapita baharini hapo hapo kwenye kovu la zamani, maana kitu kikitaka kupasuka kinachagua palipounganishwa, muulize fundi yeyote wa kuchomelea. Ni polepole sana, milimita chache kwa mwaka, na haijafikia hatua ya kutengeneza sakafu mpya.

Tsunami ya 2004 ilikuwa kitu kingine, kule Sumatra bamba linamezwa, linabana mamia ya miaka likiachia linainua sakafu na maji yote juu yake, ukubwa wa 9.1, ikaua mpaka huku, Somalia walikufa karibu watu 300 na hapa Tanzania pia tulipoteza watu. Ufa wa kuachana au kupishana mara nyingi hauinui maji namna hiyo. Sisemi ukae ufukweni tetemeko likipiga, toka, panda juu. Nasema usikeshe.

@wa_Likoni kama unataka cha karibu zaidi na moto wenyewe tazama kisiwa cha Mayotte karibu na Komoro, Mei 2018 matetemeko yalianza mfululizo, 2019 wanasayansi walipokwenda na meli wakakuta mlima mpya wa volkeno umeota chini ya bahari kilomita 50 mashariki ya kisiwa, mita 820 kwenda juu kutoka sakafuni. Kisiwa kizima kikasogea mashariki na kushuka sentimita kadhaa. Wenyeji wameupa jina Fani Maoré.

wa_Likoni
Mlima mpya mita mia nane na mimi nalipa nauli kwenda kutazama Kilimanjaro. Haya.

FundiBaridi
Wakuu nimerudi. Nimemsomea binti yote, ya kapilari kaipenda kwa sababu mara nyingi ananishikia tochi nikiwa kazini, kanikumbusha mwenyewe kwamba pale kapilari inapoishia, gesi inapoanza kuchemka, ndipo panapoganda barafu kwa nje. Ya Marie Tharp kaiandika nyuma ya daftari. Ila kwenye mbao za Sheikh Salim kanyamaza kidogo halafu kauliza, baba kama nusu ya ubao iko Oman, ile nusu nyingine iko wapi? Nikamwambia sasa hivi sikimbii, ngoja niulize.

MaweNaMajabali
Mwambie ilichukuliwa ng'ambo ya ufa, na ng'ambo ile yote karibu imeshamezwa, bahari ya zamani iliyokuwa kati ya Arabuni na Asia ilizama chini ya Iran. Kwa hiyo nusu yake iko chini sana, kwenye mwamba wa moto.

SalimMaskati
Ijumaa inshaallah ntakwenda tena nkampigie picha ya ubao wenye ukingo mmoja, ntaweka ndara yangu pembeni apate kuona ukubwa wake.

FundiBaridi
Shukran sheikh. Anasema ndara iwe upande wenye kioo, asije akachanganya.